Binti Aliyekataa Maksi

Nasikia mpaka leo: makofi, watu wanaimba Kitaliano kwa nguvu, halafu sauti ya binti ikijipenyeza katikati yao. "Mama, mtihani nimemaliza. Nimepata ishirini na mbili kwa thelathini. Nimeikataa."

Madam aliurudia ujumbe ule wa sauti pale jikoni, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai.

"Umesikia? Mtihani gani una ngoma? Na maksi zinakataliwa tangu lini?"

Familia yake ilitoka Unguja zamani, na binti alizaliwa hapa hapa Dubai. Chuo chake kilikuwa kimempeleka Italia kwa muhula mmoja, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mimi nilikuwa dada wa kazi nyumbani kwao, Mirdif. Safari ile niliifurahia kana kwamba tumekwenda wote. Lakini siku hiyo hata mimi niliingiwa na shaka. Shuleni kwetu, nilikoishia kidato cha pili, ulirushiwa karatasi yako na maksi zake, basi. Nani angekuuliza kama umeridhika?

"Akishindwa huko, khalas," madam akasema. "Baba yake atakata tiketi, arudi. Hebu muulize wewe. Wewe hakufichi."

Nikamtumia ujumbe. Akajibu papo hapo, anacheka.

"Dada, huku mtihani ni wa mdomo. Unakaa mbele ya profesa, wenzako wako nyuma wanakusikiliza unavyobabaika. Mwisho anakutajia maksi, anakuuliza, unaichukua? Ukisema hapana, unarudi siku nyingine, anakuuliza upya. Ukikubali, ndiyo imeandikwa hiyo, inakufuata mpaka chuo chetu cha Dubai. Mimi ile sitaki inifuate. Na zile kelele, kuna mtu kahitimu, wanamwimbia kwenye korido. Wamemvisha shada la majani kichwani."

Nikampelekea madam simu asikilize mwenyewe.

"Majani! Kahitimu au kenda malishoni?" Nikacheka, yeye hakucheka. "Kakuona mtoto wewe. Hadithi imenyooka mno hii."

Neno lile likanikaa. Kweli alijibu upesi, kama mtu aliyejiandaa. Nikawa napiga pasi huku nawaza: kama ni kweli, mbona hakumweleza mama yake hivyo hivyo? Halafu nikakumbuka kwamba madam hajawahi kuusikiliza ujumbe wa mtoto wake ukafika mwisho kabla hajaanza kumjibu.

Asubuhi ya mtihani wa kurudia, madam akaniambia nitandike kitanda cha binti. Nikatandika shuka za maua, zile azipendazo, roho inaniuma kama namtegea mtego.

Adhuhuri simu ikalia.

"Mama, ishirini na saba! Nimeichukua!"

Safari hii nyuma yake palikuwa kimya kabisa. Madam akaiweka simu sikioni, akasikiliza tena.

"Mbona kimya hivi? Yuko chumbani kwake huyu, kalala."

"Madam, siku ile ulisema kuna kelele."

"Nyamaza wewe. Tutaona matokeo yakifika chuoni, inshallah." Akachukua funguo za gari, akaenda zake Oud Metha kwa daktari wa meno.

Gari lilipokata kona nikapanda juu. Nikazivua zile shuka za maua, nikazikunja taratibu, nikazirudisha kabatini, na kitanda nikakifunika kwa lile pazia kuukuu la kuzuia vumbi.