Risasi Badala ya Shaba

Jiwe la shaba likivunjwa kwa nyundo hunuka kiberiti. Baba alikuwa akiyavunja mawe hayo uani kwetu Kariakoo kila aliporudi kutoka porini Tunduru, nami nikichuchumaa mbele yake huku nimeziba pua kwa ukosi wa gauni. Alikuwa mtaalamu wa miamba, na kazi yake ilikuwa kutafuta shaba. Alinieleza kwamba wao huanza kwa kuchota mchanga wa vijito na udongo wa vichuguu, maana mchwa huchimba chini kabla ya binadamu na kupandisha juu walichokikuta. Sampuli hupelekwa maabara, na penye dalili ndipo wanapochoronga. Huko kuchoronga sikukuelewa mpaka aliponipeleka sokoni, tukasimama kumtazama muuza mchele akichoma gunia kwa bambo, kile kichuma chenye mfereji, aone kama mchele wa chini ni sawa na wa juu. "Na sisi ndiyo hivyo hivyo," baba akasema. "Tunaipiga ardhi bambo."

Nilicheka, lakini nilikuwa mtoto mwoga, tena mwoga hasa, wa kuogopa hata ngurumo za mbali. Nikamuuliza wakishaikuta shaba wanaitoaje. Akanijibu kama anayejibu mtu mzima mwenzake: mwamba unatobolewa, matundu yanajazwa baruti, unalipuliwa, mawe yanasagwa mpaka yawe unga, unga unatiwa maji na dawa, kisha unapigwa povu, na shaba inapanda juu na lile povu. Mtoto mwingine angeondoka na habari ya povu. Mimi niliondoka na baruti. Tangu hapo, baba akiwa safarini, kila tairi lililopasuka barabarani lilinirusha kutoka kitandani, na mama alichoka kuniambia kwamba kuchoronga si kulipua.

Kiangazi kile, nikiwa darasa la nne, baba alikaa porini kuliko kawaida. Alasiri moja mama alikuwa dukani kwake, mtaa wa pili, akiuza sufuria, na simu yake aliiacha nyumbani ikichajiwa. Ikaita. Alikuwa anko Mapunda, dereva wa baba, na sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, Hawa. Mwambie mama shaba hamna. Tumekutana na risasi huku. Risasi tupu! Mzee wako hoi, amelala hapa..."

Ikakatika. Nilibaki nimeishika simu sikioni. Bibi yangu alipofariki, watu wazima walituambia sisi watoto neno hilo hilo: bibi amelala. Wakambeba, na hatukumwona tena. Niliogopa kuiweka ile simu mezani, kana kwamba nikiiweka habari itakuwa kweli.

Nilikimbia peku. Wabeba mizigo walinipigia kelele niwapishe, mtu akanishika bega nikamponyoka. Nilipofika dukani pumzi zilikuwa zimeniishia, nikasema yote kwa mara moja: baba kapigwa risasi, amelala. Mama hakulia. Aliiweka chini sufuria aliyokuwa akimwonyesha mteja, polepole sana, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na uso wake ukawa uso nisioujua. Huo uso ulinitisha kuliko simu. Wenzake wa maduka ya jirani walianza kujifunga kanga viunoni, mmoja akaangua kilio, na mwingine alikuwa ameshaondoka kuulizia turubai la msiba.

Bwana Kirit, aliyeuza vitambaa duka la pili, alikuja akanichuchumalia. "Mtoto, tulia. Nani kasema?" Nikamtajia. Akaitoa simu mkononi mwangu, akaanza kupiga. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena, sisi sote tukimwangalia kidole. Mwishowe ikaita, akampa mama simu.

"Wewe nani?" mama akauliza.

"Mimi mumeo," ikajibu sauti ya baba, nzito ya usingizi. "Kuna nini huko, mbona kelele?"

Ndipo mama alipolia. Baba alieleza mara mbili kabla hajaeleweka: risasi waliyokutana nayo ni madini, laini na mazito, yale yale wanayofunga wavuvi wa Feri kwenye nyavu ili zizame. Hukaa jirani na shaba. Wao walikuwa wamebisha hodi kwa shaba, akafungua jirani. Watu walicheka mpaka wakashika kuta, hata yule wa turubai aliporudi. Mimi sikucheka. Nilimshika mama mkono mpaka tukafunga duka.

Usiku huo mama alitoa amri: nyumbani kwetu mtu anasinzia, anakoroma, anajipumzisha, lakini hakuna kusema fulani amelala. Tukaizoea, ikawa lugha yetu, na wageni walitushangaa.

Uani kwetu sasa kumesimama ghorofa la kuuzia mabegi, na kule porini, nasikia, simu inashika vizuri. Baba alistaafu, yeye na mama wakahamia Magomeni. Nikipiga kumuulizia, mama ananiambia kasinzia na redio yake, au anakoroma mpaka majirani wanalalamika, nami nacheka. Woga wangu nao ulistaafu, au nilidhani hivyo.

Mwaka jana, mchana, nikiwa kazini karibu na Mnazi Mmoja, mama alinipigia. Mtandao ulikuwa safi, nilisikia hata feni ya sebuleni kwake.

"Hawa," akasema. "Baba yako amelala."

Siku ile ya utotoni woga ulinipa mbio. Safari hii nilibaki kitini. Sikumuuliza amelala vipi. Nilimuuliza tu kama ana mtu wa kukaa naye mpaka nifike.