Majani Matatu Juu ya Kaburi

Mimi ni mzaliwa wa Magoma, kule chini, na miti ya misindano sikuizoea. Mume wangu tulimzika kwao Rangwi, huku milimani. Kila nikienda kufagia kaburi nakuta vijani vyembamba kama sindano, vitatu vitatu, vimefungwa shinani. Nikaamini kuna mwanamke anamwachia salamu. Nikamshuku Veronika wa kwaya, aliyelia msibani kunishinda mimi mjane. Wivu ukanila mwezi mzima.

Jumapili nikamkabili palepale kaburini, mbele ya mawifi zangu.

"Wewe ndiye unayemfungia mume wangu majani, sivyo?"

Veronika akainamisha tawi la msindano lililokuwa juu ya vichwa vyetu. Vijani vyote vilikuwa vimeota vitatu vitatu, vimeshikana shinani.

"Na hivi vyote nimevifunga mimi, mke mwenzangu?"