Gari la Bibi Maryamu wa Mambrui

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Kilifi, nilifika na shati jeupe na cheti cha chuo mfukoni. Mkuu wa Karakana hakukitazama cheti. Aliniuliza, "Kijana, ukiletewa gari, utaanza kukagua wapi?" Nikajibu kwa fahari kwamba nitaanza na injini. Akatandika gunia chini ya lori. "Lala hapo. Injini ikiharibika, mtu atachelewa. Breki zikiharibika, mtu atazikwa." Shati lile halikupata kuwa jeupe tena.

Katika miaka ya themanini nilihamishiwa Malindi, nikiwa mkaguzi wa magari. Gari la abiria au la mizigo halikuruhusiwa kuingia barabarani mpaka mkaguzi alipitishe: fremu, yaani mifupa ya chuma inayobeba bodi, kisha usukani, kisha breki. Niliamini, na ningali naamini, kwamba sahihi ya mkaguzi ni ahadi anayowapa watu asiowajua. Wenye magari waliuita msimamo huo ukaidi.

Tulikaa Muyeye, mimi na mke wangu na binti yetu Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na hamu kubwa ya kuwa fundi. Hakuna karakana iliyotaka kumpokea msichana. Nikaazimia tutafute gari kuukuu tulifufue wenyewe, apate pa kujifunzia. Tulizunguka Jumamosi nyingi. Kakuyuni tulionyeshwa bodi iliyogeuzwa banda la kuku, na mwenyewe akacheka, "Gari chukueni, lakini kuku wangu muwatafutie nyumba."

Hatimaye tulilikuta Mambrui, uani kwa Bibi Maryamu, mjane wa mwenye mashamba. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la kabla ya uhuru, lenye taa za duara. Lilinuka vibaya mno.

"Hiyo ni sifa," Bibi akasema, akimaanisha yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa mbao za vyombo vya baharini. "Marehemu alilipaka chini kila mwaka, kama alivyovipaka vyombo vyake. Mimi nilimwambia, bwana we, utatufukuzia wageni!"

Zuhura aliingia uvunguni na nyundo, akaigonga fremu. Chuma kilicholika kwa kutu hutoa mlio mfu. Hiki kililia kama kengele. "Baba! Halina kutu!"

Bibi akamtazama alivyotoka na vumbi nyweleni. "Sikuuzii, nakupa. Ila nina sharti. Mjukuu wangu akiozwa, bwana harusi aletwe na gari hili kutoka msikitini. Ndiyo nia ya babu yake. Lisipomleta, halitoki uani kwangu."

Tukaridhia. Tulifanya kazi pale pale uani, kila nilipokuwa na nafasi. Zuhura alijifunza kusafisha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kusugua vali mpaka zikae sawasawa. Injini ilipowaka, Bibi alipiga vigelegele hata jirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Breki tuliziacha mwisho, na hapo sifa ikatuonyesha upande wake wa pili. Mafuta yaliyohifadhi chuma yalikuwa yameiharibu mipira. Mirija ya mpira inayopeleka mafuta ya breki magurudumuni ilikuwa imevimba na kulainika kama mahamri yaliyorowa chai. Mombasa nzima hatukupata ya aina ile. Harusi ikawadia, nasi tungali twatafuta.

Mkaguzi Mkuu, aliyekuwa bosi wangu Malindi, alikuwa mtu mpole aliyependa kuridhisha wakubwa wa mji. "Ni mwendo mfupi," akaniambia. "Tumia breki ya mkono. Nani atakuuliza?"

Nilimfikishia Zuhura maneno hayo bila kuongeza langu. "Umelitengeneza wewe," nikamwambia. "Lipite au lisipite?"

Alijifuta grisi vidoleni. "Wanawake watakuwa wakipiga pembe za vugo, baba, na watoto wako mbele ya gari njia nzima." Akainuka. "Nitamwambia mwenyewe."

Tulimkuta Bibi akichambua asumini za harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi wangu. Gari limeng'ara?"

"Limeng'ara, bibi, lakini halina breki. Bwana harusi na aje kwa miguu."

Mikono ya Bibi ikatulia juu ya maua. "Sharti walijua?"

"Nalijua."

"Na gari hulitaki?"

"Nalitaka mno, bibi."

"Wewe mwenyewe ungelipanda?"

"Peke yangu, ndiyo. Katikati ya watu, hapana."

Bibi alishusha pumzi. "Basi, mwanangu. Sikulazimishi. Lakini neno nililomwekea marehemu siwezi kulivunja. Gari litabaki hapa."

Bwana harusi akaja kwa miguu, vugo likilia, watoto wakirukaruka mbele yake. Zuhura aliishika sahani yake ya pilau mpaka ikapoa.

Bibi alipofariki, wanawe waliliuza gari kwa hoteli moja ya Bofa. Tulikwenda kulitazama. Lilikuwa bustanini, juu ya matofali, limepakwa rangi nyekundu, watalii wakilipiga picha. Zuhura alipiga magoti, akachungulia chini. "Mirija ni ile ile," akasema. "Na injini wameing'oa." Akajifuta uso kwa ncha ya leso, akaniomba tuondoke.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza ni magari mangapi niliyoyazuia, nao hunisifu kwa ujasiri. Huwajibu kwamba yote yalikuwa magari ya watu wengine, na jioni nilirudi nyumbani nikala chakula changu kwa raha. Binti yangu alizuia la kwake.