Nilivyojifukuza Chuo kwa Kikokotoo

Mwaka jana nilifukuzwa chuo na mtu asiye na mamlaka ya kumfukuza hata paka jikoni. Mtu huyo ni mimi.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalitoka asubuhi, herufi tupu, GPA, yaani wastani wa alama, ujipigie mwenyewe. Ukishuka chini ya 2, unaondoka.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu tuliyemwita Profesa kwa sababu alisoma hata akipiga mswaki. Lakini anayesomea hesabu ni mimi, kwa hiyo kikokotoo nikashika mimi.

B mbili, pointi nne nne. C tatu, pointi tatu tatu. Jumla kumi na saba. Nikagawa kwa krediti zangu kumi na tano, yaani uzito wa masomo yote matano.

1.13.

Profesa akanisogezea simu yake. "Nipigie na mimi, kaka."

Yake ikatoka 1.67. Tukatazamana, tukaanza kukunja mashuka.

Nyumbani mama alinipokea kwa kilio. Alishawatangazia majirani wote kwamba anasomesha mwalimu wa hesabu. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Dada yangu, muuguzi aliyemaliza chuo zamani, akanikuta nimejifunika shuka mchana. "Hebu nione ulivyopiga."

Akatazama. "Pointi za kila somo ulizizidisha kwa krediti zake?"

"Kuzidisha za nini?"

"Kila somo lina krediti tatu. Unazidisha kwanza, unajumlisha, ndipo unagawa. Kumi na saba mara tatu, hamsini na moja. Gawa kwa kumi na tano."

3.4.

Mama alifuta machozi, akaenda kutafuta mwiko wa kunichapia.

"Na mwenzako alipata nini?" dada akauliza.

Nikalivuta shuka tena. "A. Zote tano."

"Mtu ana A zote, wewe unamwambia amefeli, na hukushtuka?"

Sikushtuka. Nilimwonea huruma tu.

Nikampigia Profesa simu, nikamweleza kosa langu. Nyuma yake nilisikia koleo likikwangua.

"Usijilaumu, kaka," akasema kwa upole. "Mjomba ameniajiri kuchanganya zege. Fundi mkuu anasema nina kipaji."

Tulirudi chuo wiki hiyo hiyo. Profesa bado ananisalimia, ila matokeo yake anafungulia chooni.

Ndugu zangu, pointi zidisheni kwa krediti kwanza. Na hesabu ikisema mwenye A zote amefeli, msifunge mizigo. Mfukuzeni aliyeshika kikokotoo.