Mshika Magoti

Kazi ya Verediane katika disipanseri ya mtaa wa juu ilikuwa kushika magoti. Aliajiriwa kama mfagiaji, na kufagia alifagia, lakini mjini Gisenyi hakuna aliyeukumbuka ufagio wake. "Yule anayeshika magoti," walisema wanawake wakimtaja, na huku wakisema, bila kujua, walibana ya kwao.

Alikuwa mwanamke mpana, binti wa mvuvi, na viganja vyake vilikomazwa na nyavu tangu utotoni. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba akaletwa asafishwe, au aliyehitaji kukatwa kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi, alilazwa kwenye meza ya chuma karibu na dirisha. Daktari aliketi upande wa miguu. Verediane alisimama kando, akayafungua magoti kama mtu anayefungua dirisha lililovimba kwa mvua, akayashikilia hapo mpaka kazi iishe.

Kabla ya hapo alimpa mgonjwa kitambaa. Alikikata kutoka gunia la unga wa msaada, akakikunja kikawa kinene kama kidole gumba, na kila jioni alikichemsha na kukianika dirishani. Kilikuwa na alama za meno ambazo maji ya moto hayakuweza kuzitoa.

"Uma," alisema. "Komera."

Neno hilo watu wa huku humwambia aliyefiwa, au mgonjwa, ajipe moyo. Kinywani mwa Verediane lilikuwa amri. Na macho ya mtu yakianza kulengalenga alimwinamia sikioni: "Unalia nini? Siku ile kitandani ulilia? Kaza meno, mama. Kwenye meza yangu hakuna anayelia."

Na kweli, hakuna aliyelia.

Ukatili huo alirithishwa, kama wengine wanavyorithishwa shamba. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ambaye hakuishi, mama mkwe alikaa nje ya ukuta wa udongo pamoja na mawifi, wakisikiliza. Katika ukoo ule, kama kwingi mjini, mke aliyepiga kelele wakati wa uchungu alipewa jina, na jina lilimfuata kisimani, sokoni, hata kwenye benchi la kanisa. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Mbuzi mpaka akazeeka, na wajukuu wake wakaitwa wa Mbuzi. Verediane aliuma mti wa kitanda kutwa nzima. Jioni mama mkwe aliingia, akautazama mti uliotafunwa, akasema, "Huyu ni mtu." Maishani mwake hakupata tena sifa tamu kama ile.

Vita vilipita vikamwachia nyumba tupu na mtoto mmoja, Uwimpuhwe, binti wa marehemu mdogo wake, ambaye Verediane alimchukua tangu angali mchanga. Alimlea kwa kile alichokuwa nacho. Mtoto akijikwaa aliambiwa, "Nyamaza, utapewa jina." Siku sufuria ya maharage ilipommwagikia mguuni, ngozi ikatoka kama soksi, mtoto alikaza macho kumtazama Verediane na hakutoa sauti. Verediane alimpaka asali kwenye jeraha. "Wewe ni mtu," akamwambia. Mtoto akacheka, kicheko kifupi chenye kujivuna, na chozi likimning'inia kidevuni. Kovu lilibaki. Kicheko nacho kilibaki.

Daktari Donat alikuja kutoka Goma baada ya vita, pamoja na wale waliozaliwa ukimbizini wakarudi na magodoro yao na Kiswahili chao. Alikuwa mcheshi, mwenye viatu vya kung'aa hata siku za tope. Mwanzoni alichoma sindano ya ganzi kila mara. Aliichoma polepole, akangoja ikolee, na katika kungoja alimpigia mgonjwa hadithi za shule yake huko Kongo. Verediane alichukia kule kungoja. Benchi la nje lilikuwa limejaa, naye alipenda kuliona tupu kabla ya mvua ya mchana.

Siku moja ganzi iliisha kazi ikiwa bado. Aliyekuwa anafuata ni Dancille, muuza sambaza aliyeketi na beseni lake la dagaa hao wa ziwani hapo hapo langoni. Donat alitaka arudi kesho, lakini Verediane alikwisha kuyafungua magoti.

"Anza tu, Daktari. Huyu ni mtu wa ziwani."

Dancille aliuma kitambaa. Jasho lilimtoka mpaka meza ikateleza, vidole vya miguu vikajikunja kama vinatafuta tawi la kushika. Sauti haikutoka. Alipokuwa akifunga kitenge chake, Donat alimwuliza, "Mama, iliuma?"

Dancille alimtazama Verediane, aliyekuwa bado amesimama pale na mikono yake.

"Hapana," alisema.

"Ajabu!" Donat alivua glavu akicheka. "Mu Goma, mwanamuke ukimugusa na kidole tu, quartier yote, mutaa muzima, inajua. Ba mama ya huku iko nguvu. Kweli hawasikie kitu?"

"Hawasikii," akajibu Verediane, na kifua chake kikajaa kama jioni ile ya mama mkwe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekulia kati ya wanaopiga kelele alikuja mahali pa wanaonyamaza, akausikia ukimya wao, akadhani ni afya. Hakuna aliyemsahihisha. Wanawake walioulizwa "iliuma?" walisema hapana, wakashuka mezani wakijishika ukutani, wakaenda kutapika nyuma ya choo. Baadaye barabara ya Kigali ilipokuwa na risasi, malori ya dawa yakawa machache, na Donat akaambiwa apunguze anachoagiza. Alikaa na kalamu yake.

"Mama Verediane, ganzi ya ba mama, tunaweza bila?"

Verediane alikuwa anapiga deki. Hakuinua hata kichwa.

"Tunaweza."

Mwaka 1998, katika masika, wanaume walimleta Uwimpuhwe kwenye ingobyi, kile kitanda cha kusukwa ambacho huku wagonjwa hubebwa nacho mabegani. Mumewe, Tuyishime, mpakua mizigo katika kiwanda cha bia, alishika mbele. Nyuma alifuata mama yake Tuyishime na mwavuli. Mimba ilikuwa imetoka nusu, nusu imebaki, na damu ilikuwa imepita kwenye vitenge viwili.

Verediane alikuwa uani anakung'uta kitambaa. Aliona mguu ukining'inia, wenye kovu.

Aliingia kwa Donat bila kubisha hodi. "Daktari, huyu mpe ganzi."

"Ganzi gani?"

"Ile ya zamani."

Donat alidhani ni mzaha, akacheka mpaka akaona uso wake. "Iko wapi, mama? Ile ya mwisho nilimupa muganga wa meno. We mwenyewe ulisema haina kazi."

"Basi tumpeleke Goma."

"Barieri ya mupaka imefungwa tangu asubuhi. Husikii mabunduki ya Busasamana?"

"Hospitali kubwa."

"Kule hata chini wamelaza watu wa risasi. Atangoja mpaka kesho, na damu haingoji." Alikwisha kuvaa glavu. "Bon. Mbona leo uko na woga? Kwani huyu ni nani?"

"Ni mtoto wangu."

Donat alimgeukia. Kisha akampiga bega, kwa upole wa kweli. "Kama ni mutoto yako, ataweza kuliko wote."

Alimpa vidonge viwili vya maumivu ammezeshe, akasema hawezi kungoja vikolee. Verediane alichukua chombo cha kupanulia na kijiko cha kukwangulia chenye mpini mrefu, akavitia katika maji ya moto, akavitoa, akavijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake mpaka vikawa na joto la mwili.

"Unafanya nini tena?"

"Napasha chuma."

"Tangu lini?"

Alivifuta maji. Ilikuwa kazi ya kuchemsha chai tu, na birika lilikuwa limekaa pale kwenye jiko miaka yote. Wanawake wote wale walikuwa wameingiziwa chuma chenye baridi ya asubuhi ya ziwani.

Uwimpuhwe alilala mezani, midomo imepauka. Verediane alimwinamia sikioni, pale pale alipowainamia wengine.

"Nisikilize, mwanangu. Leo hakuna kitambaa. Akianza, piga kelele. Ukipiga kelele atakwenda polepole, atasimama upumzike. Huyu asiposikia sauti hajui kwamba kuna mtu."

Uwimpuhwe alimtazama kama anayetazama mlevi. "Mama, mkwe wangu yuko benchini."

"Mwache awe huko. Lia."

"Wewe unaniambia nilie?"

"Nakuomba."

Msichana aligeuza shingo, akaona kitambaa kinaning'inia dirishani, akanyoosha mkono, akakivuta mwenyewe. Alikikunja vizuri. Alikuwa amemwona mama yake akikikunja mara nyingi. Akakiweka kati ya meno.

Donat alianza.

Verediane alishika magoti. Na hapo viganja vyake vikamweleza kile ambacho kila siku vilimweleza na kila siku alikataa kusikiliza: lile tetemeko dogo, la haraka, linaloanzia ndani sana, kama samaki aliyeshikwa hai mkononi. Magoti ya Dancille yalitetemeka hivyo. Magoti ya wote. Alikuwa amelishika tetemeko hilo miaka mitatu akaliita nguvu.

Kijiko kilikwaruza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali sufuriani. Uwimpuhwe alitazama dari. Shingo ilimsimama mishipa, jicho moja likajaa damu, lakini kifua hakikutoa hata mguno.

"Unaona?" Donat alisema bila kuinua kichwa, akijaribu kumfariji. "Hasikie kitu."

Ndipo Verediane akapiga kelele.

Ilimtoka tumboni, ndefu, mbaya, sauti ya mwanamke anayejifungua. Ilikuwa ya siku ile ya mti wa kitanda, nayo ilikuwa imeoza kwa kukaa. Mikono ikamlegea. Magoti yakafunga, chuma kikiwa bado ndani. Mwili wa Uwimpuhwe ukaruka juu ya meza, lakini hata hapo hakutoa sauti.

"Umerukwa na akili?" Donat alichomoa kijiko. "Kidogo tu ningetoboa kizazi! Toka! Toka inje! Mutu mwingine aingie anishikie!"

Aliyekuwa karibu na mlango ni Dancille. Aliacha beseni lake, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akapishana na Verediane kizingitini.

"Unalia nini, Mama Verediane?" aliuliza taratibu. "Wewe ndiye uliyelala mezani?"

Mlango ukafungwa.

Benchi lote lilikuwa linamtazama. Mama yake Tuyishime alikuwa amesimama, mwavuli ameubana kifuani, uso umemshuka kwa aibu.

"Aliyepiga kelele ni mkwe wangu?"

Verediane angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema: ndiye, mtoto wangu ameumia, ameumizwa, sikieni. Alitazama nyuso zile, zote alizijua, zote alikwisha kuzishikia magoti, akaliona jina likingoja midomoni mwao kama mate.

"Ni mimi," alisema.

"Aa." Mama yake Tuyishime akaketi, akakunjua kitenge magotini. "Ashukuriwe Mungu."

Mmoja akaanza kucheka. Mwingine, mwembamba, aliyekuwa mezani juma lililopita na bado alikaa upande mmoja wa tako, akafinya pua akalia kama mbuzi, taratibu: "Mee-e-e." Benchi likatikisika. Walicheka wakishika matumbo ya chini, kwa sababu kucheka kuliwauma, na bado wakacheka.

"Komera, Mbuzi," yule mwembamba akasema. "Kaza meno."

Verediane aliweka sikio mlangoni. Alisubiri sauti, yoyote, hata ya kumlaani yeye. Alisikia kijiko kikirudi kazini. Alisikia Donat akikohoa. Mvua ya mchana ilianza kwenye mabati, akasogeza sikio zaidi, na zaidi ya mvua hapakuwa na kitu.

Kazi ilipokwisha, Dancille alitoka wa kwanza. Mikono yake ilikuwa myekundu mahali ilipobana. Alikuwa ameshika kitambaa kilicholowa, akamwekea Verediane kiganjani. Safari hii meno yalikuwa yamekipenya upande hadi upande, tundu la kupitisha kidole.

"Hakutoa hata pumzi," alisema. "Umemlea vizuri."

Akarudi kwenye beseni lake na kuanza kufukuza nzi.

Mama yake Tuyishime alisimama, akajipangusa, akaingia ndani. Verediane alibaki kizingitini, kwa kuwa Donat alikuwa amekataza asiingie. Kutoka pale hakuweza kuiona meza. Aliuona mguu mmoja tu, wenye kovu, ukitetemeka bado. Alimsikia yule mwanamke mzee akivuta pumzi, kisha akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka benchini:

"Huyu ni mtu."

Na ndani, kwa udhaifu, kwa koo lililokauka, Uwimpuhwe akacheka.