Sanda ya Pikapu

Zuhura aliizima pikapu mbele ya gereji ya Severin pale Bigwa, akabaki ameshika usukani kana kwamba bado anapanda mlima. Harufu ilimfikia kabla hajafungua mlango: ile ile ya oili inayoungua, nzito, yenye kung'ang'ania kooni, iliyomsindikiza wiki hizi zote kutoka Kinole. Leo haikumshtua. Alikuja tu kufunguliwa keria, ile chanja ya chuma ya kubebea mizigo juu ya paa. Baada ya alasiri mnunuzi wa vyuma chakavu angefika nyumbani kuichukua pikapu, na keria ile aliichomelea marehemu mumewe, Mansuri, kwa mikono yake mwenyewe. Hakutaka ikatwekatwe pamoja na mengine.

Tangu Mansuri afariki, Zuhura alikuwa akiamka kabla ya adhana, akipanda Kinole kuchukua ndizi na mdalasini wa wanawake wenzake, akiishusha mizigo sokoni Morogoro mjini, kisha akirudi Bigwa kuosha matope. Mgongo ulimuuma hata akiwa amelala. Wanawake wa mlimani walimtegemea. Bila pikapu ile, mikungu ingewaivia uani. Hilo alilijua. Lakini tangu aambiwe kwamba injini imekufa, kulikuwa na jambo alilolificha hata kwa kaka yake Salum, ambaye ndiye aliyemtafutia mnunuzi. Alikuwa akiisubiri siku ya kulala mpaka achoke kulala.

"Mluguru!" Severin alipaza sauti akitoka chini ya gari la mtu mwingine. "Leo umekuja na gari? Nilidhani mmerudia kubeba ndizi kichwani."

"Mngoni mla panya, niache. Nifungulie keria."

"Keria imekukosea nini?"

"Gari linakwenda kukatwa. Si ulisema mwenyewe injini imekufa?"

"Mimi? Lini?"

"Nilipokuletea harufu hii. Ukainama, ukanusa, ukanitazama bila hata kucheka. Ukasema, mtani, hii nunua sanda tu."

Severin aliweka spana chini. Waluguru na Wangoni ni watani tangu enzi za babu zao, na yeye utani aliujua vizuri. Siku ya mazishi ya Mansuri alijilaza mlangoni, akaapa jeneza halipiti mpaka aletewe chai yenye sukari ya kutosha, na Zuhura, machozi yakimtiririka, alicheka. Ndiyo kazi ya mtani. Ni Mluguru gani aliyewahi kulichukua neno la Mngoni kama cheti cha daktari?

"Dada Zuhura," alisema, na Zuhura akashtuka, maana hakuwahi kumwita hivyo. "Ule ulikuwa utani. Nikakwambia uje kesho yake nilifungue. Hukuja."

"Nilikuwa nimechoka."

Severin alijifuta mikono. Akaizunguka pikapu polepole.

"Unaisikia wakati gani? Ukipanda, au muda wote?"

"Nikipanda. Na nikisimama ndiyo inazidi, inatoka mbele huku."

"Nyuma kuna moshi?"

"Sijauona."

"Washa. Piga resi kidogo."

Injini ilinguruma. Severin alichutama nyuma, akatazama bomba la ekzosi kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa amerudiwa na uso wake wa siku zote. "Injini inayokula oili hutoa moshi wa bluu huku nyuma. Hii haili kitu. Hii inajikojolea."

Alifungua boneti. Injini ilikuwa imevaa koti jeusi la vumbi na mafuta, huwezi kujua kipi kimeanzia wapi. Akaiacha ipoe, akaisugua kwa brashi na sabuni, akaikausha kwa matambara, kisha akamwambia Zuhura awashe tena. Wakainama pamoja, tochi ikimulika. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Baadaye mstari mwembamba unaong'aa ulichungulia chini ya mfuniko wa juu wa injini, ule ambao mafundi huuita tapeti kava, ukateremka taratibu, ukadondokea ekzosi ya moto. Tsss. Kamoshi kakapanda.

"Harufu yako ile pale," Severin alisema.

Zuhura alikaa juu ya tairi kuukuu akimwangalia anavyofungua boliti. Moja iligoma, ikalia chini ya spana, na Zuhura alijikuta akiomba, kwa aibu, ikatike. Ilifunguka. Gasketi, ule utepe wa kuzuia oili isivuje, iliyotoka chini ya mfuniko ilikuwa imekakamaa, ikavunjika vidoleni mwa Severin kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Akakwangua mabaki yote, akalaza gasketi mpya, akapaka silikoni kwenye kona, akakaza boliti kidogo kidogo, moja huku, nyingine kule. Mwisho alichomoa kijiti cha kupimia oili.

"Imepita alama. Umekuwa ukimimina tu?"

"Niliogopa itakauka."

"Mluguru na woga wake." Lakini alisema kwa upole, akaipunguza.

Wakaijaribu katika barabara ya Kiroka. Zuhura aliendesha, Severin kando yake, madirisha yamefungwa makusudi. Walipanda mpaka injini ikapata moto wa kweli, wakasimama pembeni.

"Unasikia harufu gani?"

Zuhura alivuta pumzi. Wiki zote hizo pua yake ilikuwa imezibwa na kitu kimoja. "Mdalasini," alisema. Maganda yalikuwa yamemwagika chini ya kiti.

"Basi umepona."

Hakuliondoa gari. Mikono ilikuwa mizito juu ya usukani. "Ungeniambia tu kwamba imekufa kweli, Mngoni."

Severin alifumbua mdomo kumtania. Akamtazama usoni, akaufumba. Kisha akasema, "Gari halijachoka, dada. Niendeshe mimi kurudi?"

Wakabadilishana viti. Njiani Zuhura alimpigia Salum amwambie mnunuzi asije. Salum alianza kuuliza, Zuhura akakata simu. Kisha akampigia Maimuna, anayewakusanyia wenzake mikungu kule Kinole.

"Kesho nakuja."

"Alhamdulillahi! Alfajiri kama kawaida?"

"Hapana. Jua likishatoka."

"Shoga, soko litakuwa limepoa!"

"Litakuwa limepoa," Zuhura alisema, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Juu yao keria ya Mansuri ililia kwenye kila shimo la barabara. Kabla hawajaifikia Bigwa, Zuhura alikuwa amelala.