Dada Kinyozi na Bi Kisirani

Vinyozi wa kibanda kile walikuwa na mazoea yao ya mchana. Wateja wakipungua, kila mmoja alivua vile vitana vya plastiki vinavyovishwa kwenye meno ya mashine, akavitumbukiza katika kopo la spiriti, akapiga brashi, akatia tone la mafuta, kisha akavirudisha. Kitana ndicho kinachoamua nywele zibaki kiasi gani. Mashine isiyo na kitana haina huruma, inapita na kuacha ngozi.

Dada Kinyozi aliyajua hayo kama anavyojua jina la mwanawe. Lakini mchana ule alipokea mwalimu wa sekondari, mtu wa nywele za kuringia, aliyekaa na kusema, "Punguza kidogo tu, kesho napigwa picha ya kazini." Wakati huohuo Wembe, kinyozi wa kiti cha pili, alikuwa akimtania.

"Dada, hivyo viatu umevaa wewe au vimekuvaa?"

"Wewe angalia kichwa cha mtu, acha miguu yangu," alimjibu akicheka, huku mkono ukichukua mashine na kuipitisha. Mara moja tu, kutoka paji la uso hadi utosini.

Kicheko kikamkauka mdomoni. Kitana kilikuwa bado kinaogelea kwenye kopo.

"Mwalimu, usitazame kioo kwanza," alisema.

"Ukisema hivyo ndiyo natazama!" Mwalimu akatazama. "Mama yangu! Umenichimbia barabara!"

Mwenye kibanda, Mzee Povu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hata ndevu tatu alizipaka sabuni mpaka mteja afanane na mbuzi wa theluji, alikuja akakinyoa kichwa kizima, hakuchukua pesa. Mwalimu alivaa kofia akaondoka bila kuaga. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Ule ukimya ndio Dada Kinyozi alioubeba mpaka nyumbani.

Kesho yake hakwenda kazini. Kesho kutwa pia hakwenda. Mumewe alikuwa safarini na lori, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akinyonyesha, kichwa hakijachanwa, nguo alizoloweka zikianza kunuka ndani ya beseni. Usingizi ulimkataa usiku, ukamganda mchana. Kifua kilikuwa kizito kama mtu amemwekea gunia juu yake. Na maneno yalimwagika kichwani bila kituo: zuzu wewe, nani alikudanganya unaweza kushika mashine, shule yenyewe darasa la saba, kiti chenyewe ulipewa kwa kuhurumiwa, utaharibu kila unachogusa.

Hayakuwa maneno mageni. Alikuwa nayo tangu utotoni, ila siku nyingine yalinong'ona na siku nyingine yalifoka. Safari hii yalihamia na vyombo vyao kabisa.

Jioni wifi yake, dada wa mumewe, mshona mikoba aliyekaa chumba cha pili, alisukuma mlango bila hodi.

"Wifi, una mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Nimesimama hapa nje nasikia mtu anatukanwa. Zuzu wewe, mzigo wewe, hata mtoto utamwangusha. Nikasema leo kuna mtu atanitambua." Mkononi alikuwa na ufagio kweli.

Dada Kinyozi aliona haya. Hakujua kwamba alikuwa anasema kwa sauti. "Nilikuwa najisemea tu."

"Unajisemea! Mimi ningekuambia hivyo ungenifanya nini?"

"Ningekurushia sahani."

"Ungenirushia, nakujua. Sasa huyo mwingine mbona unamtandikia kitanda?" Wifi alikaa, akampokea mtoto. "Huyo ni Bi Kisirani. Usifikiri ni wako peke yako. Nami ninaye wangu, ila wangu haniongelei kazi, kazi yake kunihesabia chakula mdomoni."

Dada Kinyozi akacheka bila kutaka, kamasi na machozi pamoja.

"Wifi, mimi kweli nimeharibu kichwa cha mtu."

"Umeharibu nywele. Kichwa amekwenda nacho." Kisha wifi akaacha mzaha. "Nisikilize. Ukiona Bi Kisirani analala nawe, anaamka nawe, wiki inaingia wiki inatoka, tutakwenda wote kwa yule muuguzi wa kliniki ya mtoto, ukaongee naye. Hakuna aibu hapo. Lakini kwanza kuna hili la kesho. Wembe amepita leo asubuhi, ulikuwa umelala."

"Amesema nini?"

"Kesho Jumamosi. Kiti chako kikikutwa kitupu, anakaa binamu yake. Mzee Povu amekubali."

Kiti kile cha dirishani ndicho kilichokuwa chake hapa duniani. Alikipata kwa kufagia nywele za watu mwaka mzima na kuiba ujuzi kwa macho. Bila hicho angerudi kufua nguo za majirani. Lakini kukirudia kulikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ulikuwa wa moto. Sheria ya kibanda ilisema aliyeharibu kichwa, kichwa chake kinachofuata ni cha Mzee Povu mwenyewe, mchana kweupe, watu wamejaa. Na kichwa cha Mzee Povu hakikuwa kichwa, kilikuwa adhabu. Kilikuwa na mabonde, kovu la kuanguka ngazini, na nywele za kisogoni zilizozunguka kwa pande mbili, kila upande na shauri lake.

Huendi, alisema Bi Kisirani. Utamkata mzee wa watu mbele ya watu.

"Naenda," Dada Kinyozi alisema kwa sauti.

"Nani anakubishia?" wifi aliuliza.

"Si wewe. Yeye."

"Ahaa. Basi mjibu, usimwonee haya."

Asubuhi alimwachia wifi mtoto. Kibanda kilikuwa kimejaa alipoingia. Mazungumzo yakakatika, kisha yakarudi kwa kujilazimisha. Binamu wa Wembe alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha dirishani, anakizungusha kama mtoto.

"Kaka, ondoka hapo," Dada Kinyozi alimwambia.

"Dada, mimi nimeambiwa..."

"Uliambiwa kikiwa kitupu. Nimefika. Inuka."

Mzee Povu aliinuka kwenye kona yake, akasogea, akamgusa kijana begani, akakaa yeye. Alijifunga kitambaa shingoni mwenyewe. "Namba mbili, mwanangu. Na uso wangu uuache nilivyozaliwa nao."

Watu wakacheka. Dada Kinyozi alichukua mashine, akatumbukiza vidole koponi, kitana kikamponyoka mara mbili. Unaona? alisema Bi Kisirani. Mkono wenyewe unakukataa. Wote wanakuangalia. Mwalimu yule anakusema huko shuleni mpaka sasa. Wewe ni...

"Nyamaza!" akafoka.

Vichwa vyote vikageuka. Mzee Povu akamtazama kupitia kioo. "Sijasema kitu, mwanangu."

"Shikamoo mzee, si wewe."

"Marahaba. Basi huyo mwingine akinyamaza, anza."

Wembe alishika mbavu kwa kicheko. Dada Kinyozi hakumjali. Aliamua kwamba kama kuna mtu wa kusema kichwani mwake leo, atakuwa yeye. Akaanza kujisemea kama anavyomsemea mwanawe anapomwogesha, polepole, kitu kimoja baada ya kingine. "Kitana namba mbili hiki hapa. Nimekivisha. Nimekigusa kwa kidole. Tunaanzia kisogoni."

Mashine ikaimba. Nywele nyeupe zikaanguka kitambaani. Kwenye kovu aliinua mkono kidogo, akalizunguka. Kwenye ule mvurugano wa pande mbili alifuata upande mmoja kwanza, akaacha, akaufuata wa pili. Wembe aliacha kucheka, si kwa ubaya, ila kwa kuwa alikuwa anatazama.

Zikabaki kingo. Alivua kitana, akachukua wembe mpya kusafisha nyuma ya sikio, na hapo Mzee Povu akapiga chafya. Tone la damu likatoka, dogo, jekundu, mbele ya kila mtu.

"Haya sasa!" alisema mmoja kwenye benchi.

Bi Kisirani hakusema, alipiga vigelegele. Nilikuambia! Nilikuambia mimi! Na mlango ulikuwa wazi, hatua chache tu.

"Ndiyo, nimemkata," Dada Kinyozi alisema, na hakujali nani anasikia. "Nimemkata, halafu? Kinyozi gani humu hajakata mtu? Wembe, sema."

Wembe akakohoa. "Mimi nisitajwe."

"Pamba!" akaita. Akailowesha spiriti, akakandamiza. Mzee Povu akauma meno na kusema mambo ambayo mtu wa umri wake hatakiwi kuyasema. Damu ikakata. Akasafisha sikio la pili mpaka mwisho, akapangusa shingo, akamshikia kioo kidogo aone nyuma.

Mzee Povu aligeuza kichwa huku na huku, akapapasa kisogo.

"Hapa pananishinda mwenyewe," alisema. "Kiti ni chake. Wembe, mtafutie binamu yako kazi ya kufagia, ndiyo njia."

Dada Kinyozi alikung'uta kitambaa. "Nani anafuata?"

Benchi zima likaangalia viatu. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba anasubiri kiti cha Wembe. Mwingine akafungua simu iliyokuwa imezimwa.

Hakuna atakayekuja, alisema Bi Kisirani, sasa kwa sauti ya huruma, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Leo wala kesho.

"Inawezekana," Dada Kinyozi alimjibu chinichini. Akazungusha kiti cha dirishani, akakikalia yeye, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. "Tutasubiri wote. Wewe ongea, mimi nipo."

Na Bi Kisirani aliongea, aliongea sana, mpaka mchukuzi mmoja mwenye haraka zake alipoinuka benchini akijikuna. "Dada, niondolee huu msitu, nimechoka kusubiri. Lakini ukinikata, napiga kelele."

"Piga," akasema, akimpisha kiti. "Nimeshazoea kelele."